Kumi na mbili hadi kumi na mbili

Saa ya Kiswahili hungoja jua ndipo ianze kuhesabu. Wazungu wao huanza siku yao katikati ya giza, wakati hata jogoo hana habari. Sisi ni hadi kupambazuke, kisha tunasema sasa inaelekea saa moja. Na kwa vile Nairobi iko karibu na ikweta, hesabu hiyo haiyumbi sana, iwe Januari au Julai. Ndiyo maana mlinzi akikuambia anafanya kumi na mbili hadi kumi na mbili, huhitaji kumuuliza zaidi. Anaingia jua likizama, anatoka jua likichomoza. Amekabidhiwa usiku wote, ukingo hadi ukingo.

Baba amekuwa akikabidhiwa usiku kwa miaka 19. Mageti yamebadilika mara nne, yote ya nyumba za ghorofa kule Kilimani, lakini saa hazijawahi kubadilika. Mimi nimelelewa na mtu niliyemzoea akiwa amelala. Tulijua kutembea kwa vidole kabla hatujajua kusoma. Mlango wa mabati haugongwi, redio haifunguliwi, watoto wa ploti wakacheze kule mwisho karibu na bomba. Na bado hakuwa analala vile. Kayole mchana si mahali pa kulala: muuza viazi ana kipaza sauti, fundi wa vyuma yuko chini ya dirisha, na ikifika saa saba mabati yameshika moto mpaka jasho linaloanisha mto. Baba alikuwa akirudi saa mbili asubuhi, analala saa tatu, na kufika saa nane ameketi kitandani akitazama ukuta.

Pesa za usiku huo ndizo zilinisomesha mpaka chuo kikuu. Nilipofika mwaka wa tatu zikagoma, na mimi sikurudi. Nikatafuta kazi, na kama unataka kucheka, niliyoipata ilikuwa ya usiku.

Ilikuwa ofisi ya kupokea simu za wateja, kando ya barabara ya Mombasa. Wateja walikuwa Marekani na hawakujua, au hawakujali, kwamba sisi tuko gizani. Ukutani kulikuwa na saa mbili, ya Nairobi na ya New York, na kiongozi wa timu alitushauri tuisahau ile ya kwanza. Tuliingia saa moja jioni, tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Kila Novemba Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma, ratiba yetu nayo ilisogea kwa saa moja, halafu Machi ikarudi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hata usiku wangu haukuwa wangu.

Mtu ambaye hajawahi kukesha kazini hufikiri shida ni usingizi. Usingizi ni shida, ndiyo, lakini unaweza kuudanganya kwa kahawa na kile kinywaji cha kuongeza nguvu cha chupa ya plastiki. Kilichonishangaza ni baridi. Saa kumi alfajiri ulikuwa unasikia baridi inayotoka ndani, si ya dirishani, hata uvae sweta mbili. Tulidhani ni ile mashine ya kupoza hewa, tukaandika malalamiko, ikazimwa. Baridi ikabaki. Baadaye ndipo nilisoma kwamba joto la mwili hushuka kabisa karibu na saa hizo, uwe macho au umelala, kwa sababu mwili una ratiba yake na haujasoma mkataba uliotia sahihi.

Ratiba hiyo ina makao. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana, kuna kikundi cha seli zipatazo 20,000 zinazopokea habari za mwanga na kuuambia mwili wote ni saa ngapi. Lakini si hizo tu zenye saa. Karibu kila seli inayo, hata za moyo na za mishipa ya damu. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2017 kwa kuonyesha jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo, na walianzia kwa vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva. Nilipomwambia Baba hilo alisema kumbe nzi wanajua saa kuliko msimamizi wake.

Kwa moyo, maana yake ni hii. Mchana, mwili unapojiandaa kwa shughuli, presha inapanda. Usiku, mtu akilala, inashuka kwa asilimia 10 hadi 20. Mishipa inalegea na moyo unapunguza kasi. Hayo ndiyo mapumziko ambayo moyo hupata, maana huwezi kuupa likizo. Karibu na alfajiri presha inaanza kupanda tena, na si bahati mbaya kwamba saa za asubuhi ndizo mshtuko wa moyo huwapata watu wengi zaidi. Sasa chukua mtu aliye macho wakati wa kushuka, anayelala wakati saa yake ya ndani inapiga kelele kwamba ni mchana. Je, presha yake inashuka lini?

Swali hilo lilikuja kwetu mwaka jana kupitia duka la dawa. Baba alitoka zamu akapitia kununua dawa ya kichwa. Yule dada wa dukani akamtazama, akamwambia, "Mzee, kaa kwanza hapo," akamfunga mkanda wa mashine. Ikasoma 178 juu ya 106. Akampumzisha, akapima tena, ikashuka kidogo tu. Baba alifika nyumbani akatutangazia kwamba mashine ya lile duka imeharibika.

Mimi sikucheka. Miezi michache kabla yake kulikuwa na kambi ya kupimwa bure pale kazini, na msee mmoja wa timu yetu, miaka 27, havuti, hanywi, Jumapili anacheza mpira, alipimwa mara tatu kwa sababu nesi hakuamini anachokiona. Tulimtania wiki nzima tukamwita Mzee. Kisha akaanza kumeza dawa na hakuna aliyemtania tena.

Nikaanza kusoma. Nikiwa na saa za bure na kompyuta ya kazini, kati ya simu moja na nyingine, nilisoma kuhusu moyo kuliko nilivyowahi kusomea mtihani wowote. Mwaka wa 2012 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 34 zenye watu zaidi ya milioni mbili, na kukuta kwamba wafanyakazi wa zamu walipata mshtuko wa moyo kwa asilimia 23 zaidi ya wengine. Tafadhali isome vizuri hiyo. Haisemi kwamba watu 23 kati ya 100 wataanguka. Inasema kama kwa kawaida wangeugua 100, kwa watu wa zamu wataugua kama 123. Ni nyongeza ambayo huwezi kuiona kwa macho kwenye geti moja, lakini ukihesabu mageti yote ya Nairobi, na wodi zote, na viwanda vyote vya mikate, hao 23 ni watu wenye majina.

Jaribio lililonikaa zaidi kichwani ni dogo. Mwaka wa 2009, huko Boston, watafiti waliwaweka watu 10 katika chumba cha mwanga hafifu na kuwapangia siku ya saa 28 badala ya 24. Ukiishi hivyo, polepole unajikuta unakula usiku na kulala mchana. Presha yao ilipanda. Sukari kwenye damu ilipanda hata ingawa mwili ulikuwa unatoa insulini zaidi, na wachache wao, watu waliokuwa wazima, sukari yao baada ya kula ikaanza kufanana na ya mtu anayekaribia kupata kisukari. Zilikuwa siku chache tu. Hakuna aliyewafokea, hakuna aliyepiga honi, na hawakuwa na karo ya mtu wa kulipa.

Ndiyo maana nachoka nikisikia mtu akisema watu wa usiku wanaugua kwa sababu ya kula ovyo. Kweli tunakula ovyo. Saa nane usiku kilicho wazi ni kibanda cha chipsi na smoki, na Baba amebeba chai ya flaski yenye sukari ya kutosha kuamsha maiti. Lakini hata ungembebea ugali na sukuma, kongosho lake saa hiyo limeshafunga duka.

Mashine ya kupima mara moja haikutosha, daktari akasema. Alitaka Baba avae ile ya saa 24, ambayo mkanda unakaa mkononi siku nzima na unajikaza wenyewe kila nusu saa. Bei yake ilikula karibu nusu ya mshahara, tukachanga. Daktari alimpa na karatasi ya kuandika alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, kwa sababu kwa mtu kama yeye huwezi kuchukulia kwamba usiku ndio wakati wa kulala. Nilimpenda daktari huyo kwa karatasi hiyo peke yake.

Baba aliivaa kazini chini ya jaketi la sare. Masharti yalikuwa kwamba mkanda ukianza kujikaza, mkono usitingishwe. Sasa saa tano usiku gari likafika getini, mkanda nao ukaanza. Yeye akasimama wima kama askari wa gwaride, mkono umenyooka, akingoja. Mwenye gari akapiga honi. Akapiga tena. Baba hakusogea mpaka hewa ilipotoka. Asubuhi kulikuwa na lalamiko kwa msimamizi kwamba mlinzi amelala kazini. Alitusimulia hayo akicheka mpaka akakohoa, halafu akanyamaza, akasema, "Miaka 19, mama, na siku ambayo sikulala kabisa ndiyo nimeandikiwa kulala." Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Majibu yalikuja kwa grafu. Akiwa macho, wastani ulikuwa 158 juu ya 96. Akiwa amelala, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, ulikuwa 152 juu ya 93. Daktari aliweka kalamu katikati ya mistari hiyo miwili, akasema hapa ndipo tungependa kuona bonde. Hapakuwa na bonde. Palikuwa na barabara iliyonyooka, kama kwamba huyo mtu hakulala hata kidogo.

Sitaki kudanganya hapa. Daktari hakusema usiku ndio uliompa Baba presha. Ana miaka 54, mama yake alikufa kwa kiharusi, chumvi anaipenda, na tumbo limeanza kutangulia. Hakuna kipimo kinachoweza kukuambia ni sehemu gani ya ugonjwa imetoka getini na ni sehemu gani imetoka ushago kwa nyanya. Tafiti huzungumza juu ya umati, na mgonjwa ni mmoja. Lakini alisema hivi: kama kuna kitu kimoja katika orodha hiyo ambacho hakijaandikwa kwenye damu yake, ni ratiba.

Akamwandikia dawa mbili. Kwenye pakiti duka liliandika "moja kila asubuhi". Tukaketi mezani tukijadili asubuhi ya Baba ni lini. Ni akitoka kazini, wakati anaenda kulala? Au ni saa kumi jioni, akiamka? Tulipiga simu. Daktari alisema achague saa moja asiyoisahau na aishike hiyo hiyo, na nilipotafuta nikakuta jaribio la Uingereza la mwaka wa 2022, lenye watu zaidi ya 21,000, lililoonyesha kwamba kumeza dawa za presha asubuhi au jioni hakukuleta tofauti kwa mshtuko wa moyo au kiharusi. Akachagua saa kumi na moja jioni, kabla ya kwenda stage. Mama anaziweka juu ya kofia yake ya kazi ili asiivae bila kuziona.

Chini ya karatasi ya dawa kulikuwa na ushauri wa kawaida. Punguza chumvi, fanya mazoezi, lala saa saba au nane. Mwisho kabisa: "na aache kazi za usiku ikiwezekana."

Hilo "ikiwezekana" lina uzito kuliko karatasi nzima. Kila makala niliyosoma kuhusu moyo na zamu inamalizia kwa kumpa mfanyakazi orodha: funga mapazia mazito, valia miwani ya giza unaporudi asubuhi, usile usiku, lala muda ule ule. Ni ushauri mzuri na baadhi yake tumeufuata. Mama alishona pazia la blanketi, na Baba sasa anakula chakula kizito kabla ya kuondoka, usiku anabaki na chai isiyo na sukari na uso wa mtu aliyeonewa. Lakini angalia ushauri huo unamwendea nani. Anayepanga zamu haandikiwi dawa.

Nikiwa bado kule kwenye simu nilitafuta sheria inasemaje, kwa udadisi tu. Ile amri ya jumla ya mishahara Kenya inaweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52. Ya mtu wa usiku? Saa 60. Nilirudia kuisoma nikidhani nimechanganya mistari. Sisi, ukitoa mapumziko, tulikuwa tunafanya saa tisa kwa usiku, siku sita: 54. Kama ingekuwa mchana, mwajiri angekuwa amezidisha. Kwa usiku, yuko ndani ya sheria na ana nafasi ya kubaki. Nadhani aliyeandika hivyo alifikiri kukesha ni kukaa tu, mlinzi na kurunzi yake, kazi nyepesi. Mkataba wa 1990 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi za usiku ulifikiri tofauti, kwamba mfanyakazi wa usiku ana haki ya kupimwa afya bila kulipa, na asiyefaa tena kwa usiku ahamishiwe kazi inayofanana na hiyo pale inapowezekana. Kumbe hata Geneva wana "inapowezekana" yao.

Mkataba wangu uliisha na sikuomba mwingine. Sasa naandika, nalipwa nikilipwa, na nalala usiku kama watu wa zamani. Sina hamu ya kurudi hata kama doo ya kule ilikuwa na uhakika.

Baba hakuwa na mlango kama huo. Miaka 54, darasa la nane, na ndugu yangu mdogo yuko kidato cha pili. Alichofanya ni kuandika barua. Kusema kweli niliiandika mimi, yeye akaweka sahihi, tukabandika na nakala ya grafu. Kampuni ilikaa nayo wiki sita. Msimamizi alimwambia kwa mdomo kwamba mchana wageni ni wengi na wanapendelea vijana, wenye Kiingereza. Baadaye akapigiwa simu: watampa wiki mbili za mchana, wiki mbili za usiku, kwa kupokezana.

Mama alishukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilibaki na uso ambao ilibidi niuelezee. Kuna utafiti mwingine, wa wauguzi 189,000 hivi wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 24, uliochapishwa katika JAMA mwaka wa 2016. Ndani yake kuna habari njema: waliokuwa wameacha zamu za usiku, kadiri miaka ilivyopita tangu waache, ndivyo hatari ya ugonjwa wa moyo ilivyoonekana kupungua. Lakini zamu iliyochunguzwa pale, ile iliyoongeza hatari kadiri mtu alivyoifanya kwa miaka mingi, ilikuwa hasa ya kuchanganya mchana na usiku. Baba amepewa nusu ya dawa ndani ya nusu ya ugonjwa. Nikamwambia. Akaniuliza, "Kwa hivyo nikatae?" Sikuwa na jibu, na yeye hakungoja. Alishakubali.

Wiki ya kwanza ya mchana aliamka kila siku saa nane usiku. Hakuamka kwa ndoto wala kwa haja ndogo. Aliamka kazini. Anavaa kandambili, anazunguka ploti, anajaribu komeo la geti, anamulika kurunzi kwenye matangi ya maji, anarudi. Usiku wa tatu caretaker alikuja kumuuliza kama ameajiriwa. Mama naye, aliyelala peke yake kwa miaka 19, anasema mzee anakoroma na anavuta blanketi, na hajui watu wengine huwezaje.

Tumepanga avae mashine tena Januari, mwishoni mwa wiki zake mbili za mchana, halafu tena mwishoni mwa zile za usiku. Ni mara mbili, kwa hivyo ni bei mara mbili. Kufikia jana tulikuwa tumechanga ya mara moja.